Ukanda wa LED ndani ya taa za mbele: uzoefu wangu wa kuufunga mwenyewe nyumbani

Nimetumia kwa muda wa kutosha seti ya kanda za LED nilizozifunga mwenyewe ndani ya taa za mbele za gari langu, na nimeona niandike tathmini kamili. Maelezo ya wauzaji wengi huishia kwenye rangi na mng'ao, ilhali uhai wa kazi hii unategemea mambo mawili ambayo mnunuzi hayaoni kwenye picha: volti zinazoufikia ukanda, na gundi inayoiziba taa baada ya kufungwa upya. Seti niliyonunua ina kanda mbili zinazopindika, zilizofunikwa kwa silikoni, zenye rangi mbili: nyeupe ya kuendeshea mchana, na rangi ya machungwa inayochukua nafasi ya nyeupe pale indiketa inapowashwa. Ndani ya boksi kulikuwa pia na kisanduku cha kudhibiti kanda hizo, gundi ya pande mbili na vibanio vya kuungia waya bila kulehemu. Kanda zenyewe zimeniridhisha. Vifaa vilivyoambatana nazo havikuniridhisha, na nitaeleza kwa nini.

Kabla ya kununua chochote niliamua kwamba balbu kubwa sitaigusa. Riflekta ya taa ya halojeni, yaani kile kioo cha ndani kinachorudisha mwanga mbele, huundwa kwa kufuata mahali hasa palipo uzi wa balbu, ambao urefu wake ni milimita chache tu, na kila mkunjo wa riflekta hiyo umepimwa kutoka hapo. Ukiondoa balbu ya H7 au H4 na kuchomeka ya LED ambayo mwanga wake unatoka kwenye nyuso mbili bapa, mwanga hautui tena pale ulipokusudiwa: sehemu yake hupanda juu na kumpofusha anayekuja mbele, na barabara yako mwenyewe hubaki na madoa ya giza. Kwa hiyo nilichokitaka ni ukanda wa kuipamba taa na kulifanya gari lionekane mchana, basi. Hata hapo sikujidanganya. Kanuni ya 87 ya Umoja wa Mataifa inataka kila taa ya kuendeshea mchana itoe mwanga usiopungua kandela 400 (kandela ni kipimo cha ukali wa mwanga) wala kuzidi 1,200, na taa iliyopimwa hubeba alama ya kuthibitishwa. Kanda zangu hazina alama hiyo, kwa hiyo nazihesabu kuwa pambo. Rangi nyekundu au buluu kwa mbele sikuzifikiria kabisa, na ninamsihi kila anayetaka kufanya kazi hii asome kwanza sheria za barabarani za mahali anapoendesha.

Kuifungua taa ndiko kunakowaogopesha wengi, na hofu hiyo ina sababu. Lazima kwanza ujue lenzi imebandikwa kwa gundi ya aina gani. Ikiwa ni butili, ile nyeusi inayonata ambayo ukucha ukiibonyeza unazama kidogo, joto litailainisha na taa itafunguka. Ikiwa ni gundi ngumu isiyobonyea, joto halitasaidia kitu. Taa za namna hiyo hukatwa, na mimi nisingethubutu kuzikata nyumbani. Zangu zilikuwa za butili. Nilitoa balbu zote, vifuniko vya mpira, skrubu na klipu, kisha nikaiweka taa ndani ya oveni iliyokwisha kupata joto la nyuzi 100 za Selsiasi, juu ya ubao, ili plastiki isiguse chuma wala kukaribia koili. Lenzi ya polikaboneti huhimili joto kubwa zaidi ya hapo, lakini kasha la nyuma na vishikizo vyake haviwezi kuaminiwa hivyo, kwa hiyo dakika chache zinatosha, na ni afadhali kuirudisha ndani mara ya pili kuliko kuiacha ikae mno. Ilipotoka niliingiza bisibisi bapa pembeni na kuanza kuvuta polepole. Butili hurefuka kama nyuzi za ulimbo, na hapo ndipo subira inapohitajika: nyuzi hizo zikiangukia kwenye riflekta, huwezi kuzifuta. Tabaka la alumini linaloifanya riflekta ing'ae ni jembamba mno, na kitambaa laini kabisa huacha michirizi isiyotoka. Nilikata kila uzi kwa mkasi kabla ya kuitenga lenzi, nikiwa nimevaa glavu safi, na kisha nikalifunika kasha kwa mfuko wa plastiki wakati nikishughulikia umeme.

Umeme ndio sehemu niliyoipa muda mrefu kuliko zote. Kanda hizi zimeandikwa volti 12, na mtu anaweza kudhani kwamba gari nalo ni la volti 12, hivyo hapana tatizo. Nilipoweka mita kwenye betri injini ikiwa imezimwa, ilisoma 12.6; nilipoiwasha, ikapanda hadi 14.2, kwa sababu alteneta, yaani jenereta ya gari, lazima itoe volti zinazozidi za betri ili iweze kuichaji. Tofauti hiyo inaonekana ndogo mpaka uangalie ukanda ulivyoundwa. LED tatu zimeunganishwa mfululizo pamoja na rezista moja, kipande kidogo kinachozuia mkondo usizidi. Kila LED nyeupe hula takriban volti 3.2, kwa hiyo tatu hula 9.6, na rezista hubakiwa na 2.4. Ukiupa ukanda huohuo volti 14.2, LED hazibadiliki sana, na karibu ziada yote huangukia kwenye rezista, ambayo sasa inabeba volti zipatazo 4.6. Mkondo unaopita kwenye LED unakaribia kuwa maradufu, na joto nalo linaongezeka, tena ndani ya kasha lisilo na upepo ambalo balbu ya wati 55 tayari inalipasha. Hii ndiyo sababu kubwa ya kanda nyingi kuonekana barabarani zikiwa zimekufa vipande vitatu vitatu: rezista moja au LED moja ikikatika, tatu zote huzimika pamoja.

Kisanduku kilichokuja na seti hakipunguzi volti hata kidogo. Nilikipima: kilichoingia 14.2 kilitoka karibu vilevile. Muuzaji amekieleza kuwa ni kinga ya kanda, na maelezo hayo hayakubaliki, kwa kuwa mnunuzi asiye na mita hatakuwa na njia ya kujua. Niliongeza kidhibiti volti aina ya 7812 kwa kila ukanda. Kifaa hiki kinahitaji volti zipatazo mbili za ziada ili kitoe 12 kamili, na gari linapounguruma ziada hiyo ipo. Injini ikizimwa, ukanda hufifia kidogo tu bila madhara yoyote. Ukanda wangu unavuta takriban nusu ampea, maana yake kidhibiti kinatoa joto la wati moja hivi, kwa hiyo nilikifunga kwa skrubu kwenye bati la gari ili kipoe. Umeme niliuchukua kwenye njia inayowaka kwa ufunguo, kupitia fyuzi ya ampea 3 iliyowekwa karibu kabisa na chanzo, ili waya ukichubuka popote pale fyuzi ikatike kabla waya haujaungua. Vile vibanio vya kuungia waya sikuvitumia. Vinakata plastiki ya waya na kuiacha shaba wazi, na chini ya boneti unyevu haukosi. Nililehemu kila kiungo na kukivika mrija unaosinyaa kwa joto.

Kuubandika ukanda ndani ya taa kuna hatari yake. Gundi ya pande mbili iliyotolewa ilishika vizuri ikiwa baridi, lakini nilipoijaribu taa mezani kwa kuiacha balbu kubwa ikiwaka, ncha ya ukanda iliyokuwa karibu na balbu ilianza kuachia. Ingeachia baada ya taa kuzibwa, ingenilazimu kufungua kila kitu upya. Gundi ya papo kwa papo haifai kabisa hapa: mvuke wake huganda kwenye lenzi na kuacha ukungu mweupe. Nilitumia silikoni isiyo na harufu ya siki, kwa kuwa ile yenye harufu hiyo hutoa asidi inayokula shaba na alumini, na nikaiacha ikauke vizuri kabisa kabla ya kuirudisha lenzi.

Katika kuziba, wengi hutaka kuitumia tena butili ya zamani. Mimi niliikwangua yote kwenye mfereji wa kasha ambamo lenzi hukaa, nikasafisha kwa spiriti, nikalaza butili mpya isiyokatika njia nzima, kisha nikaipasha taa joto na kuibana kwa vibanio vya seremala mpaka ikapoa. Matundu ya kupumulia niliyaacha wazi kama yalivyokuwa. Baadhi ya watu huyaziba wakidhani wanazuia maji, kumbe wanaufungia unyevu ndani. Baadaye nilimwagia taa maji kwa mpira kutoka kila upande, na mpaka leo, baada ya mvua nyingi na kuoshwa mara kwa mara, hakuna tone lililoingia. Asubuhi za baridi huonekana umande mwepesi pembeni mwa lenzi, nao hutoweka taa ikipata joto. Huo ni wa kawaida, hata kwa taa ambazo hazijawahi kufunguliwa. Maji yakituama chini ya kasha, hapo ndipo gundi imeshindwa.

Jambo jingine kuhusu kisanduku: kinaufifisha ukanda usiku kwa kuuwasha na kuuzima haraka sana, na uwashaji huo uliingiza mlio kwenye redio. Nilikihamisha mbali na waya wa antena na mlio ukapungua sana, ingawa kwenye stesheni dhaifu bado unasikika. Mwelekeo wa taa nao lazima urekebishwe baada ya kuzirudisha. Nilikuwa nimeweka alama za utepe ukutani kabla ya kuzitoa, kwa hiyo kazi hiyo ilikuwa nyepesi.

Rangi nyeupe ni nzuri kuliko nilivyotarajia. LED nyeupe ya kawaida ni LED ya buluu iliyofunikwa kwa fosfori ya njano, yaani unga unaogeuza sehemu ya mwanga wa buluu kuwa njano, na ni uvumbuzi wa LED hiyo ya buluu uliowapatia Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Fosfori ikipakwa kwa uchache au bila usawa, buluu huchungulia, na ndiyo maana kanda duni huonekana za samawati upande mmoja na nyeupe upande wa pili. Hizi zangu zinafanana kushoto na kulia, na hadi sasa hazijabadilika. Rangi ya machungwa ndiyo dhaifu. Jua likiwa kali, mtu aliyesimama ubavuni mwa gari haioni vya kutosha kujua kwamba ninakata kona, na kwa sababu hiyo sikuiondoa balbu ya asili ya indiketa. Inaendelea kuwaka kama zamani, kwa kasi yake ileile, na ukanda unawaka sambamba nayo.