Feraiti ya manganizi-zinki au ya nikeli-zinki?

Feraiti ni kauri ya sumaku inayotengenezewa viini vya transfoma, yaani sehemu ya ndani inayozungushiwa waya. Aina hizi mbili ni oksidi nyeusi, ngumu na rahisi kuvunjika. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Bonyeza ncha za mita ya ohm kwenye kiini kisichopakwa rangi: manganizi-zinki kwa kawaida husoma kiloohm kadhaa, nikeli-zinki haisomi kitu, kwa kuwa ukinzani wake wa umeme ni mkubwa mno.

Tofauti hiyo ndiyo huamua matumizi. Manganizi-zinki ina upenyezaji sumaku (uwezo wa kupitisha uga wa sumaku) wa juu, kuanzia 1,000 hadi zaidi ya 10,000, hivyo inafaa transfoma za kilohezi kumi hadi mia kadhaa. Ukipanda megahezi kadhaa, mikondo inayozunguka ndani ya kiini huigeuza nishati kuwa joto. Hapo chukua nikeli-zinki, hata kama upenyezaji wake ni mdogo.

Kwenye tanuri, viini vinapochomwa wakati wa kutengenezwa, nikeli-zinki haina makuu: huchomwa hewani, takribani nyuzi 1,100 hadi 1,250 za Selsiasi. Manganizi-zinki ndiyo yenye kudeka. Huhitaji karibu nyuzi 1,300 na zaidi, na oksijeni ipunguzwe kadiri joto linavyoshuka, mwishoni ibaki nitrojeni tu. Ukiipoza hewani, manganizi na chuma hupata oksijeni ya ziada, hematiti (oksidi ya chuma) hujitenga, upenyezaji huanguka na vipande hupasuka. Oksijeni ikipungua mno, ioni za chuma zenye chaji mbili huongezeka na umeme hupita kirahisi. Kalsiamu na silika kidogo sana kwenye mipaka ya chembe ndogo za kiini huuzuia umeme huo. Zinki nayo huvukiza kutoka usoni kwa zote mbili, kwa hiyo zifunike.