Mashine ya kuvuta hewa kwenye mifuko ya friza: mboga zimeharibika na majibu ya hovyo juu

Jamani nina hasira na hii mashine sijui hata nianzie wapi. Ni zile zinazovuta hewa kwenye mfuko halafu zinauziba kwa moto. Mimi niliinunua kwa ajili ya kugandisha mboga za majani tu, na kwenye boksi wameandika kabisa inafaa kwa mboga za majani, na picha ya spinachi wameweka.

Sasa mboga huiweki mbichi kwenye friza ikae miezi. Lazima uichovye kwanza kwenye maji yanayochemka kwelikweli, spinachi dakika 2, majani magumu dakika 3, unatoa unatumbukiza kwenye maji ya barafu muda uleule, maana bila hivyo vimeng'enya, yaani vile vitu vya asili ndani ya jani vinavyolichakaza, vinaendelea na kazi humohumo kwenye baridi, rangi na ladha vinapotea taratibu. Kwa hiyo mboga ya kugandisha LAZIMA iwe na maji, hata uikamue mpaka mikono iume. Na hii mashine ikivuta hewa inavuta na hayo maji, yanapanda mpaka mdomoni mwa mfuko palepale inapoziba, na plastiki ikilowa haishiki. Kwa macho unaona imeshika! Miezi imepita natoa mfuko, umeingia hewa, ndani chenga za barafu, majani yamepauka na kukauka kama karatasi, ukipika unasikia harufu ya friza tu. Natoa mwingine, hivyohivyo. Mboga nilizochambua jani kwa jani!!

Nikapiga simu huduma kwa wateja. Yule dada hata hakunisikiliza, akaniambia "mama, mboga si zipo kila siku, unajaza friza za nini?" Akakata. Yaani unauza mashine ya kuhifadhi chakula halafu unamuuliza mteja anahifadhi chakula cha nini? Simu ile imeniuma kuliko hata mboga.

Lakini niseme ukweli, mashine yenyewe siyo mbovu. Kuna mtu alinielekeza, ukishakamua fanya mafungu, kila fungu la kupika mara moja, panga kwenye trei uweke friza mpaka yawe magumu kama jiwe, ndo uingize kwenye mfuko uvute hewa. Maji yakishakuwa barafu hayapandi popote. Nimefanya hivyo na mifuko imebana mpaka leo, mboga kijani kibichi, natupia kwenye sufuria bila hata kuyeyusha. Italainika ndiyo, barafu inapasua seli za jani, ya saladi usitegemee, ila ya kupika iko vizuri sana na friza ikiwa nyuzi -18 inakwenda miezi 8 mpaka 12 bila shida. Nikawa nataka kuwapa nyota nne kabisa.

Ila hapana. Hayo maelezo ya trei ni sentensi moja, na kwenye kitabu chao hayamo, nimekisoma mwanzo mpaka mwisho, kimejaa onyo la umeme na jinsi ya kusafisha. Na yule dada angeniambia yeye ilikuwa inachukua nusu dakika! Nyota mbili, na hizo ni za mashine, wao siwapi hata moja. Waandike hiyo sentensi kwenye kitabu, na nipigiwe simu niombwe radhi.