Nyota tatu: mwaka mmoja wa filamu za kigeni na wanangu

Ijumaa usiku kwetu ni filamu, na kwa karibu mwaka mzima tumekuwa tukitazama za lugha ambazo hakuna anayezijua pale sebuleni: Kijapani, Kiajemi, Kifaransa. Tunalipia programu moja ya simu inayounganishwa na televisheni. Mkubwa ana miaka kumi na mmoja. Mdogo ana sita na bado anasoma kwa kuunga silabi, na wasiwasi wangu wote ulikuwa kwake.

Mwanzoni nilimwekea sauti za kubandikwa, yaani maneno ya filamu yakisemwa upya kwa lugha nyingine, nikidhani namrahisishia. Dakika kumi hazijaisha akauliza, "Mbona amefunga mdomo na bado anaongea?" Nikawasha na maandishi ya chini, ndiyo nikaharibu kabisa: sauti inasema hili, maandishi yanasema lile. Kumbe ni tafsiri mbili. Ya sauti hutafutiwa maneno yanayoendana na midomo, ya maandishi hubanwa itoshe mistari miwili na isomeke kabla haijapotea. Chagua moja.

Tulibaki na maandishi. Ya Kiswahili ni adimu, kwa hiyo mkubwa anasoma ya Kiingereza kwa sauti na mimi natafsiri. Anaigiza vikongwe, anaigiza polisi, na hata maelezo ya sauti kama "mlango unabamizwa" anayasoma kwa mikogo. Wahusika wakianza kugombana ndani ya filamu tunashindwa, tunashika rimoti, tunarudisha nyuma. Filamu ya saa moja na nusu inakula mbili na zaidi. Mke wangu sasa huja na kitabu.

Kama ndiyo mnaanza, anzeni na The Red Balloon, ya Ufaransa, 1956. Ni kama nusu saa tu na maneno ni machache mno. Halafu Children of Heaven ya Iran, 1997, ndugu wawili wanaopokezana jozi moja ya raba kwenda shule. Kiatu kilipomchomoka yule binti kikatumbukia mtaroni na maji yakakisomba, mwanangu mdogo alipanda juu ya kochi akapiga kelele, "Kimbia! Kimbia!" Hakuuliza kimeandikwa nini. Wala kaka yake hakuwa anasoma.

Sasa programu yenyewe. Maandishi ni meupe bila kivuli. Kwenye theluji au shuka jeupe hayaonekani. Mahali pa kuweka mandhari nyeusi nyuma yake pamefichwa ndani ya mipangilio, na ukifungua filamu nyingine unaanza upya. Lugha za maandishi huzioni mpaka uifungue filamu, kwa hiyo mara mbili tumekaa, taa tumezima, ndipo tunagundua hakuna tunayoielewa. Niliwaandikia. Walijibu kwa ujumbe wa kujiendesha wakinishukuru kwa uvumilivu wangu.

Picha safi, haigandi. Naipa nyota tatu. Nimelipia miezi mitatu mingine, si mwaka, na Ijumaa ni zamu ya mdogo kuchagua.