Saini ya kamati ya kijiji: tathmini ya huduma za Kaunti ya Makueni chini ya Gavana Kivutha Kibwana, 2013–2022

Katika kazi yote aliyoifanya Profesa Kivutha Kibwana kama gavana wa kwanza wa Makueni, naiweka mbele kanuni moja ya malipo. Mwanakandarasi aliyepewa zabuni ya kujenga zahanati, bwawa au daraja hakulipwa na kaunti mpaka kamati ya wenyeji, iliyochaguliwa na wanakijiji wenyewe kuusimamia mradi huo, iwe imeukagua na kutia saini kwamba kazi imefanywa inavyostahili. Hospitali na kiwanda cha maembe ndivyo vilivyopigwa picha zaidi, lakini naamini kwamba bila saini hiyo visingefika vilikofika. Kwa hiyo tathmini hii inaanzia hapo, nami naifanya kama mlipa kodi anayetaka kujua fedha zake zimemnunulia huduma gani.

Makueni ni kaunti kame kwa sehemu kubwa. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu humo watu 987,653, wengi wao Wakamba wanaolima maembe, machungwa, ndengu na mbaazi, na makao yake makuu ni mji wa Wote. Ugatuzi ulipoanza kutekelezwa baada ya uchaguzi wa Machi 2013, kaunti zote 47 zilipewa kazi zilezile za kikatiba, zikiwemo afya, kilimo, maji ya mashinani na barabara ndogo, na zote ziliagizwa kuwashirikisha wananchi katika maamuzi. Kaunti nyingi zilitimiza agizo hilo kwa kuitisha mkutano mmoja katika ukumbi wa mji, zikasomea watu bajeti iliyokwisha kuandikwa na kuwasainisha orodha ya mahudhurio. Makueni ilichagua njia ndefu zaidi.

Mjadala wa bajeti ulianzia kijijini, na vijiji vyenyewe ni zaidi ya 3,000. Kutoka hapo mapendekezo yalipanda hadi kwenye makundi 377 ya vijiji, yakapita wadi ndogo, yakafika katika wadi 30, kaunti ndogo 6 na hatimaye kwenye kikao cha kaunti nzima. Katika kila ngazi watu waliwachagua wenzao wa kuwawakilisha katika ngazi ya juu, na mradi ulioshindwa chini haukuruhusiwa kujitokeza tena juu kwa mkono wa ofisa. Mzee anayetaka bwawa alilazimika kubishana ana kwa ana na mama anayetaka zahanati ya karibu na kijana anayetaka chuo cha ufundi, kisha wote wakapanga kipi kitangulie kwa fedha zilizopo. Ni kazi inayochosha na inayokula muda, na kwa maoni yangu huo ndio uzito wake, kwa sababu mtu aliyekubali hadharani kwamba mradi wake usubiri mwaka mmoja huwa mlinzi mkali wa ule uliotangulizwa.

Mradi ulipopitishwa, ndipo kamati ya usimamizi ilipochaguliwa. Wanakamati walionyeshwa ramani ya ujenzi na orodha ya vifaa pamoja na bei zake, wakajua ni mifuko mingapi ya saruji inayopaswa kuingia katika msingi na paa linapaswa kuezekwa kwa bati la unene gani. Wengi wao hawakuwa na elimu ya uhandisi, na mhandisi wa kaunti alibaki na wajibu wake wa kuidhinisha kazi kitaalamu. Hata hivyo, fundi wa kijijini hahitaji shahada ili atambue kokoto zilizochanganywa na udongo, na mwanakandarasi anayejua kwamba malipo yake yatapita mkononi mwa watu wanaolala mita mia moja kutoka mahali pa ujenzi huchanganya saruji kwa namna nyingine kabisa. Mfano unaotajwa mara nyingi ni hospitali ya mama na mtoto mjini Wote, yenye vitanda 200, iliyojengwa kwa gharama ya takriban shilingi milioni 135. Kwa bei za majengo ya serikali tulizozoea kuzisikia nchini Kenya, kiasi hicho kilikuwa kidogo mno, na ndiyo maana wajumbe wa kaunti nyingine walifunga safari hadi Wote kwenda kuuliza jinsi ilivyowezekana.

Haya hayakuja kwa amani. Kibwana alikuwa mhadhiri wa sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi na mmoja wa viongozi wa harakati za kudai katiba mpya katika miaka ya 1990, kisha akawa mbunge wa Makueni na waziri katika serikali ya Mwai Kibaki, kwa hiyo alizijua siasa. Hata hivyo ugomvi wake na bunge la kaunti kuhusu matumizi ya fedha ulizidi kiasi. Mnamo Septemba 2014 risasi zilifyatuliwa katika majengo ya bunge hilo na watu wakajeruhiwa. Wakazi wakachukua kifungu cha 192 cha Katiba, ambacho hakuna kaunti iliyokuwa imekijaribu kwa kiwango hicho, wakakusanya saini za kuomba serikali nzima ya kaunti ivunjwe ili uchaguzi urudiwe. Sheria ilidai saini za angalau asilimia 10 ya wapigakura waliosajiliwa, nazo zikapatikana. Tume iliyoongozwa na wakili Mohammed Nyaoga ilisikiliza ushahidi na kupendekeza kaunti isimamishwe, lakini mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta alikataa pendekezo hilo na kuwataka viongozi wafanye kazi pamoja.

Katika kupima utumishi wa gavana siwezi kuupita mgogoro huo kwa haraka, kwa kuwa uliwagharimu wananchi zaidi ya mwaka mzima ambao miradi ilikwama na bajeti zikacheleweshwa. Kiongozi anayehubiri ushirikishaji anawajibika pia kuwavuta wawakilishi wa wadi waliochaguliwa kwa kura zilezile, na katika muhula wa kwanza Kibwana hakufaulu katika hilo. Upande wa pili wa mizani ni kwamba alitoka katika mgogoro akiwa na sababu nzuri zaidi ya kuwapa wananchi mamlaka ya moja kwa moja juu ya miradi, na mwaka 2017 wapigakura walimrudisha ofisini.

Huduma iliyowagusa watu wengi kuliko nyingine ilikuwa mpango wa afya uitwao MakueniCare, ulioanza mwaka 2016. Familia, yaani mume, mke na watoto, ilijisajili kwa shilingi 500 kwa mwaka, kisha ikatibiwa bila malipo mengine katika hospitali za kaunti, kuanzia kumwona daktari hadi kulazwa na kupasuliwa. Aliyewahi kuuza mbuzi au kipande cha shamba ili kumtoa mgonjwa wodini anaelewa maana ya bei hiyo pasipo kuelezwa. Kwa kulinganisha, bima ya taifa iliyoanza Oktoba 2024 inamdai mtu asiye na ajira rasmi angalau shilingi 300 kila mwezi, nayo hutakiwa kulipwa kwa mwaka mzima kwa pamoja, jambo ambalo limewafungia nje wengi wanaoishi kwa kibarua.

MakueniCare ilikuwa na mipaka yake, na ni haki mipaka hiyo isemwe. Kadi yake ilikoma kwenye mpaka wa kaunti. Mgonjwa wa saratani au wa figo aliyelazimika kupelekwa Nairobi alirudi kwenye harambee kama zamani. Ada ya shilingi 500 isingeweza kamwe kulipia gharama halisi, kwa hiyo sehemu kubwa ya mzigo ilibebwa na bajeti ya kaunti, na bajeti hiyo hutegemea mgao kutoka Hazina ya Taifa unaojulikana kote nchini kwa kuchelewa. Mgao ukichelewa miezi mitatu, duka la dawa ndilo huanza kukauka, na mwenye kadi huandikiwa dawa akanunue nje. Tena, mpango ambao mtu hujisajili kwa hiari huwavutia zaidi wale ambao tayari wanaugua, na mpango wa namna hiyo hauwezi kujiendesha kwa michango yake. Pamoja na hayo yote, nauona kuwa huduma bora ya afya iliyowahi kutolewa na kaunti kwa bei hiyo, kwa sababu ulithibitisha kwamba kaunti maskini inaweza kumwondolea mgonjwa hofu ya bili kabla taifa halijajipanga.

Kiwanda cha matunda cha Kalamba, kilichozinduliwa mwaka 2017, ndicho mradi ninaousifu kwa tahadhari zaidi. Chanzo chake ni tatizo ambalo kila mkulima wa ukanda huo analijua: maembe huiva karibu yote kwa pamoja, kati ya Desemba na Machi, na katika majuma hayo machache dalali mwenye lori ndiye anayepanga bei. Mkulima akikataa, matunda yanaoza chini ya mti. Kiwanda, chenye uwezo wa kusindika tani 5 kwa saa, hununua maembe na kuyageuza kuwa rojo zito linalohifadhiwa na kuuzwa kwa watengenezaji wa sharubati, na baadaye kikaanza kutengeneza sharubati ya kunywa moja kwa moja. Faida yake kubwa ilipatikana hata kwa mkulima ambaye hakukiuzia embe moja, maana dalali alianza kushindana na mnunuzi wa pili aliyetangaza bei yake waziwazi.

Tahadhari yangu inatokana na aina ya biashara yenyewe. Mitambo inayopata malighafi kwa miezi michache ya mwaka hulipiwa umeme, ulinzi na mishahara kwa miezi yote 12, na rojo lililojaa ghalani halimlipi mkulima mpaka lipate mnunuzi. Zaidi ya hapo, kaunti ikiwa mfanyabiashara, bei ya embe hugeuka kuwa suala la siasa, na meneja hushindwa kumkatalia mkulima matunda mabovu ikiwa uchaguzi umekaribia. Ningependa kuona vyama vya ushirika vya wakulima vikipewa hisa na viti vya kutosha katika bodi, ili kiwanda kisibaki mali ya gavana yeyote aliye madarakani. Kwa upande wa soko la nje, kazi ya kupambana na nzi wa matunda ilikuwa na maana kubwa zaidi kuliko inavyosimuliwa. Kenya ilijisimamisha kuuza maembe Ulaya mwaka 2014 kwa sababu ya mdudu huyo, na iliporuhusiwa kurejea mwaka 2021, maeneo ya Makueni ambako wakulima walikuwa wamefundishwa kutega mitego na kuzika matunda yaliyooza yalikuwa miongoni mwa yaliyoiwezesha nchi kurudi.

Kuhusu mchanga nitasema machache, ingawa jambo lenyewe ni zito. Mito ya Ukambani huwa na maji juu kwa muda mfupi tu baada ya mvua, na muda uliobaki maji hukaa ndani ya mchanga, ambamo watu huchimba visima. Kila lori la mchanga lililokwenda kujenga maghorofa ya Nairobi liliondoka na maji ya kijiji fulani. Sheria ya kaunti ya mwaka 2015 iliweka mamlaka ya kusimamia uchimbaji huo na kuwapa wenyeji nguvu za kisheria dhidi ya magenge yaliyokuwa yamezoea kuchota usiku. Sambamba na sheria, kaunti iliunga mkono ujenzi wa mabwawa ya mchanga, yaani kuta zinazozuia mchanga na maji yake mtoni, kazi ambayo vikundi vya mwethya, yaani vya kufanya kazi kwa kusaidiana kijijini, vilikuwa vikiifanya kwa mikono miaka mingi kabla ya ugatuzi. Huu ni uongozi ninaouheshimu, wa ofisa anayekuta jambo jema likifanywa na watu wake, akalitilia sheria na fedha bila kulipachika jina lake.

Palipopungua ni barabara na maji ya bomba. Baada ya miaka tisa, vijiji vingi vilibaki na barabara za udongo ambazo mvua ya Novemba huzikata, na mkulima anayelipwa bei nzuri Kalamba hupoteza sehemu ya bei hiyo kwa nauli ya pikipiki na kwa matunda yanayopondeka njiani. Wapo wanaomlaumu Kibwana kwa bwawa kubwa la Thwake pia, lakini mradi huo ni wa serikali ya kitaifa na si haki kuuweka katika hesabu yake. Lawama ninayoona inamhusu ni kwamba mabwawa madogo mengi yalijengwa kabla ya kupangwa namna ya kufikisha maji kwenye nyumba na mashamba, kwa hiyo akina mama waliendelea kubeba mitungi kutoka kwenye maji ambayo kaunti ilikuwa imeshayalipia.

Mfumo wa mikutano nao ulielemea upande wa wenye muda. Wazee na akina mama walihudhuria kwa wingi kuliko vijana walioko kwenye vibarua mijini, na mtu asiyehudhuria hakuhesabiwa. Sehemu kubwa ya nidhamu ya mfumo huo ilitokana pia na msimamo wa gavana mwenyewe, ambaye alikuwa tayari kuacha mradi alioupenda ukishindwa kijijini.

Kwa kaunti inayotaka kuiga, singeishauri ianze na kiwanda, kwa kuwa kiwanda hutegemea zao, soko na meneja, na vitu hivyo havihamishiki. Wala singeishauri ianze na kadi ya afya kabla ya kuhakikisha kwamba duka la dawa lina akiba ya miezi sita. Ningeishauri ianze na kanuni ya malipo, iliyoandikwa katika sheria ya kaunti na kuambatishwa kwenye kila mkataba: hundi haitoki bila saini ya kamati ya wenyeji, na kamati haitii saini kabla ya kuonyeshwa orodha ya vifaa na bei zake. Haihitaji mgao kutoka Nairobi, haihitaji mtambo wala mfadhili, na inaweza kuanza kutumika katika zabuni ya kwanza ya mwaka ujao wa fedha.