Besiboli ya fantasi: nimeshacheza mitindo yote mitatu, na huu ndio nimebaki nao

Kama umezoea fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza, yaani kuunda kikosi cha wachezaji halisi na kupata alama kwa wanachofanya uwanjani, ya besiboli itakuchanganya kabla hujamchagua hata mchezaji mmoja. Kule karibu kila mtu anacheza ile ile: pauni milioni 100, wachezaji 15, kapteni, basi. Huku, ukifungua ligi unaulizwa kwanza alama zitahesabiwa vipi, na jibu hilo ndilo linaloamua nani mali na nani mzigo. Mimi niko Texas, nacheza na wenzangu wa kazini, wengi wao wamezaliwa na mchezo huu.

Tulianza na rotisserie, mtindo wa wakongwe, ulioanzishwa 1980 na Daniel Okrent na marafiki zake na kupewa jina la mkahawa wa New York waliokuwa wakikutana, La Rotisserie Française. Kuna vipengele kumi, vitano vya wapigaji na vitano vya warushaji: homurani (mpira unaopigwa hadi nje ya uwanja), besi zilizoibwa (mchezaji kukimbilia besi, yaani kituo, kinachofuata kabla mpira haujapigwa), wastani wa kupiga (ni mara ngapi mpigaji anafanikiwa) na kadhalika. Mkiwa timu 12, anayeongoza kipengele anapata 12, wa mkiani anapata 1. Huna mpinzani wa wiki. Mnahesabiana tangu mwisho wa Machi hadi Septemba. Kwa haki, hakuna unaoushinda, maana katika mechi 162 bahati ya siku mbili tatu haimpi mtu ubingwa. Lakini ikifika Agosti, walioachwa nyuma hawafungui hata programu, na ligi inabaki ya watu watatu.

Mtindo wa pointi ndio mwepesi kwa mtu wa soka. Kila tendo lina pointi zake, unajumlisha, kwisha. Ila soma jedwali la pointi kabla ya kumpenda mchezaji. Mchukue mpigaji Kyle Schwarber wa 2023: alipiga homurani 47, huku wastani wake wa kupiga ukiwa .197, yaani hata mara mbili katika kumi hazifiki, aibu tupu. Kwenye rotisserie anakupandisha upande mmoja na kukuzamisha upande wa pili. Kwenye pointi, wastani haumhusu mtu, na besi za bure 126 alizopewa mwaka ule (mrushaji akirusha vibaya mara nne, mpigaji anaenda besi ya kwanza bila kupiga) zinaweza kuhesabiwa. Ila kama ligi yenu inakata pointi kila mpigaji anapotolewa kwa straiki, yaani kwa straiki tatu bila kuuingiza mpira mchezoni, kumbuka yeye alitolewa hivyo mara 215. Mpigaji mwingine, Luis Arraez, ni kinyume chake: homurani chache, lakini kumtoa kwa straiki ni kazi.

Niliobaki nao ni wa ana kwa ana kwa vipengele. Jumatatu hadi Jumapili unapambana na mtu mmoja, vipengele kumi, mnamaliza 6–4 au 7–3, Jumatatu mnaanza upya na mwingine. Hapa ndipo kelele za kikundi cha WhatsApp zilipo. Jumapili usiku mko 5–4, kipengele cha besi zilizoibwa mko sare, na mechi iliyobaki iko California. Mchezaji wako yuko besi ya kwanza, anajisogeza hatua kwa hatua, mrushaji anamwangalia kwa pembe ya jicho, naye mpinzani wako anakuandikia “hathubutu”. Akithubutu akafika, jamaa huyo utamtania wiki nzima. Na siku hizi wanathubutu kweli: 2023 besi zilipanuliwa kutoka inchi 15 hadi 18, hivyo umbali kati yao ukapungua, na mwaka huo huo mchezaji Ronald Acuña Jr. akaiba 73. Kasoro yake naijua: unaweza kuwa na kikosi bora na ukafungwa kwa sababu warushaji wako wawili waliamka vibaya.

Kuhusu kuchagua wachezaji, mimi ni mtu wa mnada: dola 260 za kufikirika, wachezaji 23, na kila jina liko wazi kwa kila mtu. Kuchagua kwa zamu ni haraka zaidi, ila ukiangukia zamu ya mwisho, wale nyota wakubwa utawasikia tu. Ubaya wa mnada ni muda, na programu tunayotumia iliwahi kumtoa mwenzetu nje katikati ya dau. Fanyeni mnada wa majaribio kwanza. Ulizeni pia Shohei Ohtani, nyota anayepiga na kurusha pia, anahesabiwaje, maana kuna programu zinazomgawa mara mbili, mpigaji na mrushaji, na nyingine humweka mtu mmoja. Hilo peke yake linapindua bajeti.

Jambo la mwisho ni kupanga kikosi: kila siku au mara moja kwa wiki? Msiokuwa na zamu za usiku mnaweza kila siku. Binamu yangu yuko Mombasa, na mechi ya saa moja jioni New York kwake ni saa nane usiku wa manane, kwa hiyo tulichagua ya wiki. Anapanga Jumatatu jioni, analala, asubuhi anaamka na matusi yake tayari.