Euro 240 na kibanio cha nguo: wikendi yangu ya theluji ndani ya kampavani

Hivi mtu mzima, amevaa fulana yenye nembo ya kazini, anaweza kukutazama usoni akakwambia "kwenu Afrika hakuna baridi ya kugandisha maji", kisha akakukata euro 240 kwenye dhamana yako, na wewe ukamjibu "asante, siku njema"? Mimi nilimjibu hivyo hivyo. Kijerumani chote kilinikimbia. Tangu siku ile majibu yananijia nikiwa bafuni, nikiwa kwenye treni, nikiwa namgeuza mgonjwa kitandani saa tisa usiku. Kwa kuwa mwenyewe hayupo kuyasikia, nayamwaga hapa.

Jina la kampuni silitaji. Wanakodisha kampavani hapa Munich, yaani yale magari yenye kitanda, jiko na choo ndani. Hayo mengine kuhusu gari (injini, urefu, linalaza wangapi) mtajisomea wenyewe. Mimi nina neno moja tu la kuwaambia, nalo linahusu maji.

Mimi ni mtu wa Moshi. Utoto wangu wote, asubuhi mawingu yakikubali, nilikuwa naiona theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, nikiwa nasukutua mlangoni. Mita 5,895 kule juu, na sikuwahi kuigusa. Nimekuja kuigusa huku Ulaya, kituoni, imechanganyika na matope na chumvi ya barabarani. Ndugu yangu, usimwambie mtu wa Moshi kwamba hajui baridi. Hata hivyo nitakiri mbele huko kwamba kuna namna ambayo sikuijua.

Safari yenyewe niliifanya na mtu niliyemfahamu kwa kama wiki tano, sita hivi. Nilikuwa kwenye treni ya chini ya ardhi naongea na mama kwenye simu, nimemaliza na "haya mama, shikamoo tena", dada aliyekaa mbele yangu akaangua kicheko. Ni Neema, wa Bukavu, Kongo. Anaendesha basi la abiria hapa mjini. Akanambia kwao nao wanaongea Kiswahili ila cha kwangu ni "cha kwenye radio". Siku hiyo hiyo akaanza kuniita yaya. Nikanuna. Kwetu yaya ni yule anayelea watoto wa watu. Ilichukua siku mbili kuelewa kwamba kwao yaya ni dada mkubwa, na kwamba nilikuwa nimeheshimiwa.

Aliponiambia twende Austria tukateleze kwenye theluji, tulale ndani ya gari, sikuuliza mara mbili. Wenzangu kazini ndio waliouliza: unamjuaje? Simjui, niliwajibu, ila ana leseni.

Siku ya kuchukua gari, huyo bwana wa fulana alitumia kama dakika kumi kutuonyesha kila kitu. Hita hapa, gesi huku, maji yanajazwa pale, choo hiki, sahihi hapa. Alikuwa anaongea kama aliyeacha chungu motoni. Familia iliyotutangulia aliwaita "Sie", ile ya heshima. Sisi akatuita "du". Kwa asiyeishi huku: ni kama umewakuta wakubwa sebuleni ukawaambia "mambo". Nililisikia, nikalimeza. Akatukabidhi faili nene la karatasi, nikaweka sahihi. Ndiyo, niliweka. Mtaona.

Njiani sina la kusema zaidi ya kwamba dereva wa basi ni dereva wa basi. Jumamosi ndiyo siku ambayo wageni wa hoteli za milimani wanapokezana, wengine wanatoka wengine wanaingia, kwa hiyo mwendo wa saa mbili ulitula zaidi ya saa nne. Neema alikuwa anaimba tu. Tukafika Mayrhofen, kwenye bonde la Zillertal, tukaegesha kwenye kambi yenye umeme. Cha kuchekesha, mji wenyewe uko mita 630 tu kutoka usawa wa bahari, chini kuliko Moshi. Theluji mpaka magotini. Nikajisemea: haya, jiografia ya darasani inisamehe.

Kuteleza kwenyewe nikusimulie kidogo, maana pale ndipo nilipofurahi. Dukani wanapokodisha skii, vile vibao virefu vya kutelezea, wanakuuliza uzito wako. Nikafikiri ni umbea. Nikapunguza kilo nane, kama ambavyo mwanamke yeyote mwenye akili angefanya mbele ya kijana mzuri. Kumbe kile kibano kinachoshika kiatu kwenye skii kinakazwa kulingana na uzito, ili ukianguka kiachie usivunjike mguu. Mimi changu kikakazwa cha mtu mwepesi. Kule juu Ahorn, ambako tulipanda kwa kigari cha waya kinachobeba watu hadi 160 kwa mpigo, kila nikipata mshtuko kidogo, paap, skii hiyo inakwenda zake mteremkoni peke yake na mimi nimekaa. Neema akawa kazi yake ni kukimbiza skii yangu. Mara ya nne akanifuata, akainama, akanong'ona: "Yaya, uliwaambia kilo ngapi?" Nilicheka mpaka miwani ikaingia ukungu. Kama tathmini hii ingekuwa ya mlima, ningetoa nyota zote na nyingine nikaziongeza.

Lakini ni ya gari.

Jumapili alfajiri nikaamka natetemeka. Nje ilikuwa nyuzi 12 chini ya sifuri. Nikafungua bomba ninawe uso: hewa tu. Nikatoka nje, nikaona chini ya gari kumetengenezwa kisahani cha barafu, kipana kama sinia la pilau ya harusi. Maji yote ya boila, lile tangi la kupashia maji, yalikuwa yametoka usiku. Tukajaza tena kwa madumu kutoka bombani kwenye kambi, mimi mbele na Neema nyuma, kama tuko kisimani. Tukafungua maji ndani, tukasikia chururu chini ya sakafu. Yanatoka! Tukajaza mara ya pili. Yakatoka. Mara ya tatu nilikanyaga lile sinia la barafu na dumu mkononi, nikaenda chini chali. Siku nzima mlimani nilianguka mara kumi na kitu bila jeraha. Alama niliyonayo kwenye kiwiko hadi leo ni ya pale mlangoni.

Nikapiga simu kwenye kampuni. Akapokea mama mmoja mpole sana, naye nikamfokea. Nilimwambia mmetupa gari bovu, mmetupa boila lililotoboka, nataka hela yangu. Aliniambia kitu kuhusu kitufe chini ya kitanda, kibonyezeni. Tulikibonyeza. Kikaruka. Tukakibonyeza. Kikaruka.

Hapo ndipo akatokea mzee wa kampavani ya jirani, amevaa ndala ndani ya theluji, soksi za sufu, na chupa ya maji ya moto imefungwa kwa taulo. Hakusalimia. Akapiga magoti mlangoni, akafungua kabati chini ya kitanda, akaiweka ile chupa juu ya kidude kidogo cha plastiki, akasubiri kama mtu anayengoja chai iive. Huku anangoja, akatueleza taratibu, kwa "Sie". Ile ni valvu ya kuzuia baridi. Ikihisi joto limeshuka hadi kama nyuzi 3, inafunguka yenyewe na kuyamwaga maji ya boila nje. Maji yakiganda yanatanuka, na yakigandia ndani ya boila yanalipasua. Sasa ikishafunguka haikubali kufungwa mpaka yenyewe ipate joto la nyuzi 7 hivi. Ndiyo maana kitufe kilikuwa kinaruka. Halikuwa bovu. Lilikuwa linafanya kazi yake, nasi tulikuwa tunalimiminia maji ya bure.

Baada ya dakika chache akabonyeza. Tk. Kikakaa.

Je, kuna mtu alituambia hivyo siku ya kuchukua gari? Nilipofungua lile faili, ukurasa wa kumi na kitu, ilikuwepo. Mistari mitatu. Chini yake sahihi yangu. Basi hapo nikaanza kumwonea haya yule mama wa kwenye simu, lakini kidogo tu, kwa sababu nilijiuliza: hita si ilikuwa inawaka usiku kucha? Joto limeshukaje?

Jibu nililipata Jumanne tukirudi, kwenye kituo cha mafuta karibu na Rosenheim. Neema ameshika kikombe cha kahawa, hanitazami. "Yaya, usinikasirikie. Ile hita njo mimi nilizima. Ilikuwa inafanya makelele mingi." Jumamosi usiku, mimi nikiwa nimelala fofofo, aliinuka akaizima, akajifunika mablanketi yote mawili. Siku tatu hakusema neno. Alinisikia nikimfokea mama wa watu kwenye simu, naye kakaa kimya anamenya chungwa.

Nilikasirika? Kilomita ishirini nzima sikuongea. Kisha nikakumbuka mtu aliyedanganya kilo nane.

Na tena, subirini, msiipe kampuni ushindi bado. Jumapili usiku hita niliilinda mimi mwenyewe. Iliwaka mpaka asubuhi, ndani tulikuwa kwa fulana, mtungi wa gesi wa kilo 11 ukafika nusu. Na alfajiri valvu ilikuwa imefunguka tena! Kwa sababu hicho kikabati kiko nyuma kabisa, kando ya mlango ambao mpira wake umechoka, upepo unapiga pale moja kwa moja. Ukiweka mkono unauhisi. Gari la kukodisha majira ya baridi, unaliwekaje hivyo? Mzee alirudi, akatikisa kichwa, akaenda kwake, akaja na kibanio cha nguo. Cha mbao, cha kawaida, cha kamba ya kuanikia. Akakibana kwenye shina la kile kitufe kisiruke. "Kirudisheni kabla ya kuondoka," akasema, "mke wangu anavihesabu." Akatuonya kwamba kikiwa pale lazima hita isizimwe hata kidogo. Neema aliitikia kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Sikuelewa wakati ule.

Toka hapo tulioga, tulipika wali, tulikunywa chai ya tangawizi madirisha yakitoka jasho. Siku mbili safi kabisa.

Sasa, kurudisha gari. Bwana wa fulana akazunguka na tochi, akafika kwenye kabati, akatoka na kibanio kati ya vidole viwili kama amekamata mende. Akakiweka mezani. Akaanza kuongea nami polepole na kwa sauti kubwa, kila neno peke yake, kama mimi ni kiziwi wa miaka minne. Kwamba tumechezea kifaa cha usalama. Kwamba mfumo wa maji lazima ukaguliwe wote. Euro 240. Na ndipo akatoa ile ya kwenu Afrika.

Nitasema haki: kwenye kibanio ana hoja. Hita ingezimika usiku ule, boila lingepasuka, na boila jipya ni bei nyingine kabisa. Ningekuwa mimi mwenye gari ningeuliza pia. Pengine ningetoza. Lakini angeuliza kwa nini kimewekwa! Angeweka mkono wake pale nyuma asikie upepo! Nilimwonyesha mlango, hakuinua hata macho. Kwa hiyo euro 240 naweza kuzizika, ile sentensi siwezi. Nilikuwa nimeweka nyota moja. Baada ya maungamo ya Rosenheim nikapandisha tatu, kwa haki. Nimefika aya hii nimerudi kwenye moja. Yule mama wa simu mpeni tano zake, na mnifikishie samahani.

Neema alinitumia euro 120 benki, kwenye maelezo akaandika "makelele". Nikamrudishia, nikaandika "kilo nane". Akazituma tena. Sasa hivi ziko kwangu, sijui wiki ijayo zitakuwa wapi.

Nilipokuwa natoka ofisini nilimwomba yule bwana kibanio, kwamba si chetu, cha mzee wa watu na mkewe anavihesabu. Alikitupa kwenye droo, akaita anayefuata. Basi nimenunua pakiti ya kumi na viwili, vya mbao, saizi ile ile. Mzee alisema kila mwaka wanaegesha pale pale, karibu na bomba. Neema ameshaomba likizo. Kuhusu gari tutakodi wapi, anasema ameangalia kote na wale wale ndio wenye bei nafuu.