Uzoefu wangu na vipima mtiririko vya mawimbi ya sauti kwenye bomba la turbini

Kwa wanaoendesha vituo vidogo vya umeme wa maji na wanafikiria kununua kipima mtiririko cha mawimbi ya sauti (kifaa kinachopima kiasi cha maji yanayopita bombani kwa kutumia sauti): nimetumia aina mbili kwenye bomba letu la chuma lenye kipenyo cha mita 2, na tofauti ni kubwa kuliko wauzaji wanavyosema.

Cha kwanza ni kile cha kubebeka, kinachofungwa nje ya bomba kwa mikanda. Hutoboi kitu, huzimi mtambo. Kwa kufuatilia kama maji yamepungua tangu wiki iliyopita, kinafaa sana. Ila kinasoma njia moja tu ya sauti inayopita katikati ya bomba, mengine yote kinakisia. Bomba letu lina kona karibu na turbini, kwa hiyo maji hufika pale yakijizungusha. Nilipohamisha vihisi (vile vinavyotuma na kupokea sauti) kuzunguka bomba, kila upande ulinipa jibu lake. Na ukikosea maji kwa asilimia 3, ufanisi wa turbini nao umeukosea kwa kiasi hichohicho. Huwezi kuomba fedha za gurudumu jipya la turbini kwa hesabu za namna hiyo.

Cha pili ni cha njia nane, vihisi vikiwa ndani ya bomba: njia nne za sauti katika bapa moja (yaani zote zimelala kwa mshazari ule ule kukata bomba), nne katika bapa la pili linalokatiza la kwanza. Sauti inayofuata maji huwahi kufika kuliko inayokwenda kinyume, na kwa tofauti hiyo ya muda kifaa hujua kasi ya maji. Maji yakienda mita 3 kwa sekunde, tofauti kwenye bomba letu ni kama mikrosekunde 5 na nusu tu. Mzunguko wa maji huongeza usomaji wa bapa moja na kupunguza wa jingine, hivyo ukichukua wastani, kosa linajifuta. Hapo ndipo namba zilipotulia, nikaanza kuziamini.

Kazi ngumu ni kukifunga. Lazima bomba likaushwe, watu waingie. Fundi wa muuzaji alitaka kutumia vipimo vya mchoro wa zamani. Tulikataa, mpima ardhi akaingia na vifaa vyake. Bomba halikuwa duara kamili! Njia ya sauti ikiwa na pembe ya digrii 45 na mwelekeo wa bomba, kosa la nusu digrii linakuharibia karibu asilimia 0.9 ya mtiririko, na hakuna programu itakayokuonyesha.

Kiangazi, bwawa likishuka na mlango wa maji ukivuta hewa, viputo hukata sauti na baadhi ya njia hunyamaza. Chetu huonyesha njia ipi imekatika, jambo ninalolipenda mno.

Ukinunua, dai mabapa mawili yanayokatizana hata wakikupunguzia bei ukichukua bapa moja, na usilipe awamu ya mwisho kabla hujakabidhiwa vipimo vya ndani ya bomba kwa maandishi.